Bushi za mpira au za poli kwenye Land Rover ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ninayoulizwa kila ninapoegesha Land Rover yangu, Series III 109 ya springi za mabapa, mahali penye mafundi wawili watatu. Nyumbani pia kuna Land Rover 110, ya springi za koili, na hiyo ndiyo iliyonifundisha mengi kwa njia ya gharama. Nikisema "poli" namaanisha poliyurethani, zile bushi ngumu za rangirangi ambazo wengi huziita bushi za plastiki.

Bushi inafanya kazi gani hasa?

Inakaa kati ya chuma na chuma, inaruhusu kimoja kitikisike bila kukigonga kingine. Hilo kila mtu analijua. Wengi hawajui kwamba bushi ya asili ya Land Rover haizunguki. Ichukue moja mkononi uitazame upande wa tundu: utaona bomba la nje la chuma, mpira katikati, na bomba dogo la ndani ambamo bolti inapita. Mpira umegandishwa kwenye mabomba hayo, haukuchomekwa tu. Bolti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa kiasi kwamba haligeuki tena. Springi inapopanda na kushuka, kinachosogea ni mpira wenyewe: unajinyonga, kisha unajirudisha. Hakuna kinachosuguana na kingine, ndiyo maana haitaki grisi na haina kelele.

Poli haijagandishwa na chochote. Kwa kawaida ni vipande viwili vinavyosukumwa kila kimoja upande wake, halafu bomba la chuma linapita katikati. Yenyewe huzunguka juu ya bomba hilo, kwa hiyo inahitaji grisi na inahitaji bomba laini lisilo na kutu.

Mpira hujinyonga, poli huzunguka. Ukilishika hilo, mengi yanayofuata hapa utayajibu mwenyewe.

Basi ipi ni bora?

Swali hili ndilo linaloharibu magari. Uliza: hiki kiungo kinazunguka kwenye mhimili mmoja tu, au kinapindwa pia kwenda pembeni? Kama kinazunguka tu kama bawaba ya mlango, poli itakaa vizuri na itadumu. Kama kinapindwa huku na huku, mpira ndio unaojua kukubali.

Kwa gari la kutembelea, la kwenda shamba na kurudi, msimamo wangu ni mpira bora kila mahali, na poli sehemu chache nitakazozitaja. Wanaofunga seti nzima ya poli kwa sababu imekuja kwenye boksi moja siwalaumu, boksi linapendeza.

Nitajuaje kwamba bushi zimekufa?

Kwanza sikiliza. Ukiachia klachi, kitu kinagonga nyuma mara moja, "ko!", kisha kimya. Ukipanda tuta la barabarani kwa gurudumu moja, gari linalia upande huo. Barabara nyoofu unaishika kwa kusahihisha usukani kila mara, na ukiachia mafuta gari linageuza shingo kidogo.

Kisha lala chini ukiwa na mtaimbo na tochi. Ingiza mtaimbo kati ya mkono (ile fito inayoishika ekseli) na chesisi, sukuma. Bushi nzima inakubali kidogo na kurudi taratibu. Iliyokufa inaruka na kugonga. Tazama pia kama bomba la ndani bado liko katikati ya duara. Likiwa limelalia upande mmoja kama kiini cha yai lililochemshwa vibaya, hakuna la kujadili. Nyufa ndogo za juu juu hazina tatizo, nyufa unazoweza kuingiza ukucha zina tatizo.

Jambo moja watu hulisahau: usukani kutetemeka vibaya kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa baada ya kukanyaga shimo. Kwenye 110 bushi zinaweza kuwa sababu, hasa zile za rodi ya Panhard, ile fito inayozuia ekseli ya mbele isihame kushoto na kulia, lakini angalia pia pini za juu na chini za swiveli (viungo vinavyogeuza magurudumu ya mbele) kabla hujanunua chochote.

Series ya springi za mabapa ina bushi ngapi?

Kwa kawaida 12: nane kwenye macho (matundu ya ncha) ya springi nne, na nne zilizopigwa ndani ya chesisi yenyewe pale shako, vile vibao vinavyoshika ncha ya springi, zinaponing'inia. Hapo bado hujahesabu za shokapu.

Hapa poli si wazo baya. Jicho la springi kazi yake kubwa ni kuzunguka, na gari hili limekuwa gumu tangu Series I ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, kwa hiyo ulaini utakaoupoteza hautausikia. Faida utakayoiona ni nyingine. Bushi ya mpira inapojinyonga inafanya kazi kama springi ya pili, na bushi 12 zikijinyonga pamoja zinaongeza ugumu. Poli yenye grisi haileti huo. Wapo wanaoapa kwamba gari lao limelainika baada ya kufunga poli, na kwenye Series siwabishii. Mradi majani ya springi yenyewe hayajashikana kwa kutu.

Yangu bado ina mpira. Sababu ni kwamba nikiwa porini siko tayari kukumbuka grisi.

Na 110 ya koili?

Hapa ndipo pa kuwa makini. Mwaka 1983 Land Rover waliachana na mabapa kwenye 110, wakachukua mpangilio wa koili uliokuwa kwenye Range Rover tangu 1970. Jina Defender lilikuja baadaye, 1990. Koili inabeba uzito tu. Kazi ya kuishika ekseli mahali pake ni ya mikono na rodi, na kila mmoja una bushi zake.

Mbele kuna mikono miwili mirefu. Kila mkono umeshikwa kwenye ekseli kwa bushi mbili, moja mbele na moja nyuma ya ekseli, na mwisho wake unaingia kwenye chesisi kupitia raba mbili za duara na nati kubwa. Sasa fikiria gurudumu la kushoto limepanda jiwe na la kulia limeingia shimoni. Ekseli imelala upande. Mkono wa kushoto unataka kuizungusha huku, wa kulia unataka kuizungusha kule. Chuma hakipindi, kwa hiyo mvutano wote unaishia kwenye zile bushi nne. Za mpira zinakubali. Ukiweka poli ngumu, umezifunga. Ekseli inakataa kulala, gurudumu linaning'inia hewani mapema, na nguvu iliyokosa pa kwenda inatafuta mabano ya ekseli na mkono wenyewe. Kwa hiyo hapo naweka mpira, na sibadilishi mawazo hata kwa bei ya bure.

Rodi ya Panhard ni kinyume chake. Kazi yake ni kushikilia, na mwendo wake ni mdogo. Poli ya ugumu wa wastani hapo inarudisha usukani ulionyooka, na ndiyo sehemu ya kwanza ninayoshauri mtu aweke kama anataka kujaribu poli bila kujuta.

Nyuma kuna mikono miwili ya chini na fremu ya A juu. Fremu ya A imeshikwa kwenye ekseli kwa mpira wa chuma (bol jointi, si raba), na kwenye chesisi kwa bushi mbili. Ukisikia ile "ko!" ya klachi, tazama mpira wa chuma kwanza, bushi baadaye. Bushi za hapa naziacha za mpira. Za shokapu weka upendavyo, tofauti utaisikia kwa shida.

Namba za ugumu na rangi zinamaanisha nini?

Ugumu hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A, kati ya 0 na 100. Mpira wa bushi za asili mara nyingi uko kati ya 50 na 70. Poli za magari zinaanzia kama 70 na kufika 95. Ukishika ya 95 utadhani ni kwato.

Rangi haina maana ya pamoja. Kila kiwanda kina utaratibu wake: njano ya huyu inaweza kuwa laini kuliko nyeusi yake, lakini nyekundu ya yule mwingine haikuambii lolote mpaka usome karatasi yake. Muuzaji akikwambia "hii nyekundu ndiyo ya safari", muulize Shore yake ni ngapi. Akikuna kichwa, umepata jibu.

Joto letu, vumbi na chumvi ya pwani, nani anavumilia?

Adui wa mpira ni jua, ozoni na mafuta. Na sote tunajua Land Rover inavyovuja. Swiveli za mbele zikivuja, bushi za mikono ya mbele zinaoga mafuta kila siku. Mpira unavimba, unalainika, unachuruzika kama ubani. Kabla ya kulaumu bushi ziba uvujaji. Kama huwezi kuuziba (nakuelewa), hapo poli ina hoja, maana mafuta ya injini na gia hayaiumizi kwa urahisi hivyo.

Adui wa poli ni maji yakichanganyika na joto. Maji ya moto na unyevu mwingi vinavunja taratibu minyororo ya kemikali ndani yake, inaanza kumung'unyika kama sabuni iliyosahauliwa bafuni. Aina mbili za poli hazilingani hapa: zile zenye msingi wa polietha huvumilia maji kuliko zenye msingi wa poliesta. Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja na aulize hilo kabla ya kulipa. Mtu wa Dodoma asihangaike sana, yeye shida yake ni vumbi: linaingia kati ya poli na bomba, linachanganyika na grisi, na hapo una msasa unaozunguka.

Kwa nini bushi zangu mpya zilikatika baada ya miezi michache?

Kwa sababu zilikazwa gari likiwa juu ya jeki. Hili nimelilipia.

Nilipeleka 110 gereji moja mjini, nikanunua bushi za asili kwa bei iliyonifanya nikae kimya njia nzima. Fundi alifanya kazi safi, akafuta hata alama za vidole alizoacha mlangoni. Gari lilikuwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, naye akakaza nati zote mpaka spana ikalia. Akashusha gari. Wakati linashuka, mikono ilipanda, lakini mabomba ya ndani yalikuwa yameshabanwa, kwa hiyo mpira wote ukajinyonga hata kabla gari halijatoka getini. Likiwa limesimama tu, bushi zilikuwa kwenye mvutano ambao zingepaswa kuupata kwenye shimo kubwa. Mwezi wa nne nilizikuta zimechanika kutoka kwenye bomba, duara zima, kama mtu aliyezungusha wembe.

Njia sahihi: funga bolti zote, nati zishikwe kwa mkono tu. Shusha gari likae kwenye matairi yake, na mzigo wake wa kawaida kama huwa unabeba. Lisukume mbele na nyuma, ukalie bampa mara kadhaa springi zitulie. Sasa ndipo uingie chini na toki renchi, ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Ni kazi ya kulala kwenye vumbi na kukosa nafasi ya kuvuta spana, ndiyo maana mafundi wanaikwepa.

Poli haina tatizo hili, kwa kuwa inazunguka. Kama unajua fundi wako hatashusha gari hata umwambie vipi, poli kwenye springi za mabapa ni kinga dhidi ya fundi.

Bushi ya chesisi imegoma kutoka. Nifanyeje?

Karibu. Bomba la nje likishaota kutu ndani ya bomba la chesisi, vinakuwa kitu kimoja, na nyundo itakuchosha bure.

Mimi hufanya hivi. Natoboa mpira kwa drili ndogo kuzunguka bomba la ndani, matundu mengi yaliyokaribiana, mpaka bomba la ndani litoke na vipande vya mpira. Kisha naingiza bledi ya msumeno wa chuma ndani ya tundu, naifunga upya kwenye fremu yake, nakata bomba la nje kwa urefu. Polepole. Unakata huku unachungulia, kwa sababu milimita chache zikizidi umeanza kukata chesisi. Utajua umefika pale unga wa kutu wa rangi ya kahawia unapoanza kudondoka badala ya chembe za chuma zinazong'aa. Mkato wa pili pembeni ya wa kwanza, patasi nyembamba, na kile kipande kinakunjika kuelekea ndani. Linalobaki linatoka kwa kugongwa.

Wengi huchoma kwa gesi. Inafanya kazi haraka, lakini tangi la mafuta liko karibu na mabomba ya breki yako karibu zaidi. Na poli usiichome kabisa: moshi wake una sumu kali, pamoja na sianidi.

Zinalia kama mlango wa zamani. Kwa nini?

Hiyo ni poli iliyokauka. Fungua, futa, paka grisi nzito ya silikoni, au ile iliyokuja kwenye pakiti. Grisi ya kawaida ya bearingi huoshwa na maji mapema.

Kwenye mpira usipake grisi yoyote ya mafuta. Ukitaka bushi ya mpira iteleze wakati wa kuiingiza, tumia maji ya sabuni. Yakikauka yameondoka.

Fundi wa mashine ya kukereza anasema atanitengenezea za nailoni. Je?

Atakutengenezea vizuri sana, zitaingia kwa kipimo, na zitakutoa meno. Nailoni haina hata kule kukubali kidogo kwa poli. Mshtuko wote unakwenda kwenye bolti na mabano. Zile zinazokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu zina tatizo jingine: hazijagandishwa na bomba, kwa hiyo zinazunguka kavu na kujila. Nimeona gari likifika nyumbani nazo kutoka porini, na kwa hilo naziheshimu. Ukifika, zitoe.

Naweza kuchanganya mpira na poli kwenye gari moja?

Ndiyo, na ndivyo ninavyofanya. Ila kushoto na kulia ziwe za aina moja.

Bushi za asili za zamani, zilizokaa dukani miaka 30, nizichukue?

Ukizunguka Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, utakutana nazo: boksi limefifia, namba ya spea ni yenyewe, na muuzaji anajua thamani ya boksi. Mpira unazeeka hata ukiwa kabatini. Bonyeza kwa ukucha pembeni. Ukiacha alama inayorudi taratibu, sawa. Ukikuta pagumu kama soli, au vumbi jeusi linabaki kidoleni, nunua mpya ya kiwanda kinachoeleweka na uliache boksi pale.

Gari langu si Land Rover. Haya yananihusu?

Kanuni ni ileile, viungo ndivyo tofauti. Land Cruiser za zamani za springi za mabapa, kama FJ40, zilitoka kiwandani na raba za vipande viwili zisizogandishwa, zinazozunguka kwenye pini. Kuhamia poli huko ni rahisi, kwa sababu mwendo haubadiliki. Volkswagen Beetle, ile mgongo wa chura, ina raba za duara kwenye bapa la springi la nyuma, na kwa kuwa bapa hilo linazunguka kwenye mhimili mmoja, poli inakaa vizuri. Mbele usitafute bushi za mpira ndani ya mabomba yake: mle kuna bearingi za sindano na bushi ngumu.

Nikimaliza, nikapige alaimenti?

Kwenye ekseli nzima kama hii hakuna mengi ya kurekebisha, ni mwelekeo wa magurudumu ya mbele tu. Lakini nenda na namba zako mwenyewe. Series inataka magurudumu yaingie ndani kwa milimita 1.2 hadi 2.4. 110 inataka sawa kabisa au yatoke nje kidogo tu. Ukimwachia kijana wa mashine, ataiingiza ndani kama alivyozoea kwenye magari madogo, na usukani mbaya utakaousikia barabarani utazilaumu bushi zako mpya.

Bolti za zamani nizirudishe?

Kama shina lake halijalika na nyuzi ni nzima, ndiyo, lakini nati weka mpya. Kabla ya kuingiza, pitisha msasa na upake shina lote grisi ya shaba, shina tu, isiguse mpira. Usipofanya hivyo bolti itaota kutu ndani ya bomba la bushi, na miaka kumi ijayo atakayelala chini ya gari hilo na msumeno atakuwa wewe tena.